Ng'ombe wa Pujini

Wiki iliyopita niliwaacha bandarini... Samahani. Neno hilo nilishaapa kwamba silitumii tena, na kabla hamjafika mwisho wa ukurasa huu mtajua kwa nini. Tuseme tuliagana bandarini Wete, mwenzenu Ridha nikiwa nimesimama juani na begi la mtu.

Kwa aliyechelewa kunijua, nieleze upesi. Kazi ilinitoka. Mchumba wangu akaolewa na mwenye nyumba wangu. Nikaombwa nipishe chumba ili wageni wa harusi wapate pa kulala. Ndipo nikakumbuka kwamba nina marafiki Pemba.

Hafidh na mkewe Zulekha walikuwa majirani zangu Magomeni, nyumba moja, ukuta mmoja, kabla hawajarudi kwao Tumbe. Kila Idi walinipigia. "Njoo, Ridha! Njoo upunge upepo, uione bahari, upumzike!" Safari hii nikaenda. Kwenye boti begi langu likabadilishana na la mfanyabiashara wa madera, na ndiyo maana siku ninayowasimulia nilikuwa nimevaa kanzu ya Hafidh. Hafidh ni mfupi. Kanzu ilinikomea katikati ya ugoko.

Ukiondoa ile ya safarini, bahari sikuiona. Nasema hivyo kwa sababu wengi mmeniandikia kuuliza kama Pemba ni nzuri kama inavyosifiwa. Jamani, mimi naweza kuwaeleza baraza la Hafidh, pazia la mlango wake na uso wa mama mkwe wake. Hivyo ndivyo nilivyovitazama kutwa.

Kuna jambo moja mlijue kwanza. Hafidh si mtu mbaya, ila ulimi wake mwepesi. Tukiwa Magomeni alimtaliki Zulekha mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya mchuzi wa pweza uliokosa chumvi. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya rimoti, siku ya mpira. Mara zote mbili alilia yeye kabla mkewe hajalia, akamrejea kabla wiki haijaisha.

Lakini talaka haifutiki. Mbili zilishatumika, imebaki moja. Hiyo ikitoka, basi tena. Hakuna kurejeana mpaka mke aolewe na mume mwingine, akae naye, aachike, ndipo Hafidh aje kubisha hodi upya na foleni ikiwa ndefu.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu ile ya pili Hafidh hakulitaja tena neno kuacha. Ufunguo hakuuacha dukani, aliuweka. Abiria hakumwacha njiani, alimshusha. Timu yake ikipitwa kwenye msimamo wa ligi, alisema wenzao wametangulia.

Sasa twende.

Niliamka nikamkuta Zulekha ukumbini akipakua uji wa mtama, na mama yake, Bi Time, amekaa mkekani. Bi Time alikuwa ametoka Msuka makusudi kuja kumuona mgeni wa Dar es Salaam. Alikwishaniona tangu jana, na sidhani kama alifurahi.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Kenda Pujini," akasema Zulekha. "Kumtazama ng'ombe wake."

"Hafidh ana ng'ombe?"

"Ana dume. Kamnunua mwaka jana, kamweka kwa mtu huko amlishie. Kila Alkhamisi akishashusha samaki Chake, hupitia." Akanijazia bakuli. "Mie sijamuona hata mkia."

"Ng'ombe mpenzi huyo," akadakia Bi Time. "Mkwe wangu akirudi huko, kanzu yanukia udi."

"Labda zizi lao safi," nikasema.

"Labda, mwanangu," akasema Bi Time.

Zulekha hakucheka. Mngekuwa na akili kunishinda, na najua mnayo, hapo mngeshaelewa. Mimi nilikuwa nimeshughulika na uji.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Hafidh, na mtandao ulikuwa wa kuokoteza.

"Ridha! Yakhe! Ushaamka? Nimemwacha! Wanisikia? Nimemwacha leo, kabisa, roho imetua! Niko njiani narudi, n'takuhadithia. Ila usimwa..."

Ikakatika.

Nikalitazama bakuli mkononi. Nikaelewa kwamba ananiambia nisimwage uji. Nikashangaa amenionaje.

"Ndiye?" akauliza Zulekha. "Kasemaje?"

Nilipaswa kunyamaza. Lakini mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mchumba wake aolewe huwa hana breki. Nikamjibu kama nilivyosikia, neno kwa neno, tena kwa sauti ya Hafidh, maana mimi huwaiga watu vizuri.

"Kasema, 'Nimemwacha leo, kabisa, roho imetua.' Yuko njiani. Halafu kasema nisimwage uji."

Kuku aliyekuwa mlangoni aliondoka.

"Rudia," akasema Bi Time.

"Nisimwage uji."

"Kabla ya uji."

Nikarudia. Safari hii bila ya kuiga.

"Kasema nimemwacha?"

"Ndiyo, lakini hakusema..."

"Leo?"

"Leo."

"Kabisa?"

"Kabisa, lakini Bi Time, mtandao wenyewe..."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Bi Time akasimama, na magoti yake yakalia. "Ya tatu hiyo. Kamalizia kwa simu, tena kwa mtu baki!"

Nilimtazama Zulekha nikitegemea machozi. Hakuwa na chozi. Aliuweka upawa chini taratibu.

"Kasema roho imetua?" akaniuliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Haya," akasema, akaingia chumbani.

Nilijaribu kurekebisha. Huo ndio ugonjwa wangu, wasomaji wa siku nyingi mnaujua. "Bi Time, huenda anamsema mtu mwingine. Pengine utingo wa gari yake."

"Utingo huachwa kabisa? Akiachwa utingo roho hutua?"

Nikarudi kwenye uji wangu.

"Na weye toka humu ukumbini," akasema. "Humu mna mwanamke wa eda."

Nikatoka na bakuli langu, nikakaa barazani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nimefika jana, na wenyeji wangu hawakuwa mke na mume tena. Uji sikuumwaga hata tone.

* * *

Hafidh alifika na pikapu yake akipiga honi kama bwana harusi. Aliteremka na mtungo wa samaki mkono mmoja na finesi mkono wa pili, meno yote nje.

Bi Time alikuwa mlangoni na upawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usipande baraza. Umemwacha mwanangu, hukumwacha?"

Jamani, mtu asiye na kosa hapo husema nini? Husema sikumwacha, hupiga kelele, hurusha finesi. Hafidh alifungua mdomo, akaufunga, kisha akanitazama mimi.

"Nani kasema?" akauliza mwishowe.

Upawa ukanielekea.

"Yarabi," akasema Bi Time. "Hata kukana hakani."

Hafidh akaweka samaki na finesi chini, akanivuta kwa ukosi wa kanzu yake mwenyewe mpaka nyuma ya pikapu.

"Nilikwambia usimwambie!"

"Ulisema usimwa."

"Usimwa ndo usimwambie!"

"Nilikuwa nimeshika uji, Hafidh! Mtu ameshika uji unamwambia usimwa, aelewe nini?"

Akashika kichwa. Akachuchumaa kwenye tairi. Nikaona mabega yanatikisika, nikaogopa, maana sikuwahi kumuona akilia bila ya mkewe kuwapo wa kumbembeleza.

"Hukumsema Zulekha," nikasema.

"Zulekha? N'na wazimu? Nilimsema Kazija."

"Kazija ndiye nani?"

Hafidh akatazama kushoto, akatazama kulia, akanong'ona.

"Ng'ombe."

Nilikaa kitako mchangani, kanzu fupi na yote.

Kumbe ng'ombe alikuwa mjane wa watu. Anapika visheti vya kuuza Chake, na huko ndiko alikokutana na muuza samaki mwenye ulimi mwepesi. Walioana mwaka jana kwa siri, huko huko Pujini, mashahidi wawili na sahani ya halua. Zulekha akaambiwa kanunuliwa dume. Kila Alkhamisi dume likatazamwa. Mwezi huu Kazija akachoka kufichwa, akasema ama atangazwe Tumbe, ajulikane, ama kila mtu ashike njia yake.

"Nikachagua asubuhi hii," akasema Hafidh. "Nikasema basi. Nirudi kwa mke wangu mmoja, roho nyeupe, naye asijue kitu. Nikakupigia weye kwanza, maana nimwambie nani mwengine? Tumbe nzima ni jamaa zake."

"Ulimtamkia Kazija kwamba umemwacha?"

"Nilimuaga."

"Kuaga na kuacha si kitu kimoja, Hafidh."

"Kaelewa, kaelewa. Sasa mie n'fanye nini?"

"Sema kweli."

"Nikisema kweli, Zulekha atasema mwaka mzima wanidanganya na ng'ombe? Ataidai ya tatu mwenyewe. Nikinyamaza, ya tatu ishahesabiwa." Akanishika mkono kwa mikono miwili, ikinuka samaki. "Ridha, Zulekha ndo nyumba yangu. Hili jengo si kitu. Akitoka yeye mie n'kae wapi?"

Nilimuonea huruma, sitaki kuwaficha. Mtu aliyenyang'anywa mchumba na chumba kwa wakati mmoja anaijua hali hiyo. Na kila nikimuonea mtu huruma, akili yangu hufanya kazi haraka. Ndiyo akili ile ile iliyonifukuzisha kazini.

"Sema ulikuwa ukimsema ng'ombe," nikamwambia.

"Nshakwambia ng'ombe ndo..."

"Ng'ombe ng'ombe, Hafidh. Wa mkia. Mkorofi, hanenepi, umechoka naye, umemwacha kwa mwenye zizi. Roho imetua."

Hafidh akafuta macho, akasimama. Rangi ikamrudi usoni. "Yakhe," akasema, "nyinyi watu wa bara mna elimu."

* * *

Tulisimama chini ya baraza, yeye akasema kwa sauti kubwa, pazia likiwa limeshuka. Alisema kila kitu. Aliongeza hata kwamba ng'ombe ana chongo, kitu ambacho hatukukubaliana.

Ikatoka sauti ya Zulekha, baridi kabisa.

"Kwa hiyo umemwacha ng'ombe."

"Nimemwacha."

"Kakosa nini?"

"Mkorofi."

"Na umemwacha kabisa."

"Kabisa!"

"Maskini," akasema Zulekha. "Mwaka mzima kufukizwa udi, kisha kuachwa."

Bi Time hakushawishika. "Ng'ombe huuzwa, ng'ombe huchinjwa, ng'ombe huibiwa. Sijasikia ng'ombe kuachwa. Alasiri aje Mwalim Abdulsamad, aamue. Na huyu," upawa ukanigeukia tena, "ataapa."

"Mimi?"

"Masikio yaliyosikia ni yako, au yangu?"

"Hafidh," ikaita sauti ya Zulekha. "Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nimpigie huyo anokulishia ng'ombe, amlete. Mwalim naye atataka kumuona."

"Haina chaji."

"Umeme upo."

Mkono ukatoka kwenye pazia, umefunguka, unangoja. Hafidh akaiweka simu juu yake. Mkono ukarudi ndani.

Nikamnong'oneza, "Jina la Kazija limo humo?"

"Thubutu! Mie si mjinga." Akajigonga kifua. "Sikuandika Kazija. Nimeandika Ng'ombe."

"Hafidh."

"Naam?"

"Na Zulekha anamtafuta nani?"

Nilitazama akili ikimfikia. Ilianzia masikioni, ikashuka mpaka kidevuni. Akakaa juu ya finesi.

Tulingoja barazani, sikio mlangoni. Tulitegemea kusikia vyombo vikirushwa. Hatukusikia kitu. Baada ya muda Zulekha akatoa kichwa kwenye pazia, kajitanda kanga, mtulivu kama mtu aliyemaliza kukosha vyombo.

"Nimepiga," akasema. "Haipatikani."

"Alhamdulillahi," akasema Hafidh, kisha akakohoa. "Yaani, mtandao wa Pujini! Ndivyo ulivyo."

Zulekha akamjibu kwamba ndivyo ulivyo, akashusha pazia.

* * *

Mwalim Abdulsamad alikuja baada ya swala ya alasiri, Msahafu kifuani umefungwa kitambaa cha kijani. Nilitegemea mzee wa ndevu nyeupe. Alikuwa kijana kuliko mimi, na ana mafua.

"Mie si kadhi," akasema akikaa barazani. "Nasikiliza tu, nijue kama la kupeleka kwa kadhi lipo au halipo. Hafidh, neno ulilitamka?"

"Nililitamka, Mwalim."

"Ulimkusudia nani?"

"Ng'ombe."

Mwalim akapiga chafya. "Alhamdulillahi," akasema, akapangusa pua, na kwa uso wake haikujulikana anashukuru kwa chafya au kwa ng'ombe.

"Yarhamuka Allah," akasema Bi Time kutoka mlangoni. "Mwalim, huyu kwa mtu au kwa mnyama ulimi wake hauna mfupa. Mie namtaka mgeni aape. Yeye hapa hana mke wala hana ng'ombe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko alivyokusudia.

Nikaambiwa nikatie udhu. Bomba liko ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha la jikoni. Nilikuwa naosha mkono wa kulia kwa mara ya tatu, sina haraka, niliposikia sauti juu ya kichwa changu.

"Ridha."

Alikuwa Zulekha, ndani ya dirisha. Sikumuona uso, niliona vidole tu kwenye nondo.

"Magomeni ulipougua, nani alikupikia?"

"Wewe, shemeji."

"Ulipokosa kodi, nani alisimama mlangoni akamwambia mwenye nyumba hupo?"

"Wewe."

"Basi mie ni rafiki yako pia. Si yeye peke yake. Sikuombi unipendelee, wallahi sikuombi. Nakuomba usiniapie uongo."

Maji yakaendelea kumwagika. "Na ukweli wenyewe," nikasema, "una hakika unautaka?"

"Ukweli naujua mie. Mwanamke hafui kanzu yenye udi mwaka mzima asiujue." Vidole vikakaza kwenye nondo, na sauti ikatikisika kwa mara ya kwanza siku ile. "Nimechoka kuwa mjinga wa nyumba yangu, Ridha. Namtaka mtu mmoja tu anambie mbele za watu. Mume wangu kashindwa. Nataka kujua kama rafiki ninaye au sinaye."

Vidole vikaondoka.

Niliporudi barazani miguu ilikuwa imelowa. Hafidh akanisogelea, akanishika pindo la kanzu. Kanzu yenyewe yake, samaki wa mchana wake, kitanda nilicholalia chake. Alinitazama kwa macho ya mtu anayezama.

Nikisema ng'ombe, namuapia uongo mwanamke aliyenipikia nikiwa mgonjwa. Nikisema Kazija, namvunjia nyumba mtu aliyenipokea nikiwa sina nyumba. Nikasema moyoni, Ridha, ungebaki Dar ukawapisha wageni wa harusi.

Mwalim akafungua kitambaa cha kijani. Akaniwekea Msahafu mbele, nikaweka mkono wa kulia.

"Sema wallahi," akasema, "kisha useme ulichokisikia na unachokijua. Usipunguze, usizidishe."

Pazia likasogea kidogo.

"Wallahi..." nikasema.

"Hodi!"

Kabla mtu hajaingia, uliingia udi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, buibui safi, kapu la visheti mkononi. Akavua viatu chini ya baraza, akavipanga. Akatoa salamu, tukaitikia. Akamwamkia Bi Time kwa heshima zote, akauliza hali ya nyumba na hali ya watoto wa watu wote. Bi Time, kwa mazoea, akajibu zote, mpaka zilipokwisha.

"Na weye ni nani, mwanangu?"

"Natokea Pujini, bibi." Akaketi mkekani, akalitua kapu. "Nimepigiwa simu mchana. Nimeambiwa ng'ombe wa Pujini atakiwa Tumbe, aje asikie kwa nini kaachwa." Akajitengeneza buibui. "Ndo mie."

Hafidh alitoa sauti ndogo ambayo siwezi kuiandika.

Pazia likafunguka lote. Zulekha akatoka, akamnyooshea mgeni mkono, wakashikana.

"Karibu, dada," akasema. Kisha akamgeukia mama yake. "Nilipiga namba iloandikwa Ng'ombe. Nikangoja nisikie ng'ombe. Ng'ombe akanijibu labeka."

Bi Time akakaa chini taratibu, upawa mapajani. Hakuwa na la kusema, na nadhani hilo lilikuwa geni kwake.

"Mwalim! Wazee wangu!" Hafidh akapata sauti. "Basi si mmeona? Si Zulekha! Nilimsema huyu! Huyu ndo nimemwacha! Zulekha mke wangu, hajaachika! Mambo yamekwisha!"

"Hayajakwisha," akasema Kazija.

Alisema kwa upole, akitazama visheti vyake.

"Mie sikuachwa, Mwalim. Leo asubuhi kaja kwangu, kanywa chai, kavaa viatu, kasema, 'Haya, Kazija, naenda zangu.' Kila Alkhamisi husema hivyo hivyo. Neno hakunitamkia. Aliogopa, namjua, neno hilo haliwezi. Kama kuna mtu kaachwa leo, kaachwa kwenye simu."

"Nilikukusudia weye!" akalia Hafidh.

"Na asubuhi nzima ulimkusudia ng'ombe," akasema Bi Time, ulimi umemrudia. "Ng'ombe mwenye chongo. Nani atakuamini tena ulichokusudia? Mchana huu ushabadilisha mara mbili!"

Mwalim Abdulsamad alikuwa ameshika kitambaa puani, lakini chafya haikuja. Alimtazama Zulekha. Akamtazama Kazija. Wote wawili walikuwa wamekaa mkeka mmoja sasa, bega kwa bega, na Zulekha ameshachukua kisheti. Akamtazama Hafidh, akaona hapo hapana faida. Mwishowe akanigeukia mimi.

"Neno limetamkwa mara moja," akasema, "na limesikiwa na sikio moja."

Wakanigeukia wote. Mke wa kwanza, mke wa pili, mume wao, na mama mkwe na upawa wake. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya Msahafu. Nikajaribu kuukumbuka uji, bakuli, mtandao, kila alichosema Hafidh, na kote humo halikuwamo jina hata moja. Ningeweza kusema hivyo hivyo. Lakini Zulekha alikuwa hatafuni tena, ananitazama, na nilijua kwamba yeye hangoji jina: anangoja niseme ninachokijua, na uongo wa ng'ombe niliutunga nani.

"Haya, mgeni," akasema Mwalim. "Wallahi yako i hewani. Imalize."